Sukari ya Damu Hupimwa, Haikisiwi

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa wa sukari, ule ambao hapa Goma wengi wetu tunauita diabete. Mama anayepika aendelee kupika huku akisikiliza, na motari anayesubiri abiria apandishe sauti kidogo, kwa sababu habari hii inamhusu mtu wa nyumbani kwako, hata kama bado hujui ni nani.

Sisi watu wa Goma tumezoea balaa zinazokuja kwa kishindo. Volkano ya Nyiragongo ilipopasuka tarehe 17 Januari 2002, na tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021, hakuna aliyehitaji kuambiwa; anga lote lilikuwa jekundu. Kipindupindu kikiingia mtaani, majirani wanajua kabla jua halijazama. Vita vikikaribia, tunasikia mizinga. Ugonjwa wa sukari hauji hivyo. Ile aina yake inayowapata watu wengi zaidi inaweza kukaa mwilini miaka mingi, huku mwenyewe anauza sambaza pale Kituku au anasukuma chukudu yake, asijue lolote, mpaka siku macho yanapoingia giza au kidonda cha mguu kinapokataa kupona.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na ugonjwa huu, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu tisa. Kwa upande wetu wa Afrika, kusini mwa Sahara, walikuwa kama milioni 25. Na hapa ndipo pa kusikitisha: katika kila wagonjwa wanne wa huku kwetu, karibu watatu hawajui kama wanaumwa. Hawajakataa dawa. Hawajapuuza daktari. Hakuna aliyewahi kuwapima, basi.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja. Sukari ya damu haijulikani kwa kumtazama mtu usoni, wala kwa unene wake, wala kwa mali yake, wala kwa maneno ya majirani. Inajulikana kwa kupimwa. Mengine yote nitakayosema yanatokana na hilo.

Tuanze na sukari yenyewe. Chakula tunachokula, hasa bugali, viazi, mchele, ndizi na mkate, kikisagwa tumboni na katika utumbo hugeuka kuwa sukari nyepesi iitwayo glukosi. Sukari hiyo huingia katika damu, na damu huisambaza mwili mzima. Si sumu. Ubongo unaishi kwa sukari hiyo. Misuli inafanya kazi kwa hiyo. Tatizo ni namna inavyotoka kwenye damu kuingia mahali inapotakiwa.

Fikirieni bariyeri ndogo, pale tunapovukia kwenda Gisenyi, asubuhi na mapema. Watu wamejaa, mizigo kichwani, na upande wa pili soko linawasubiri. Mwenye kuinua kizuizi akiwa kazini, watu wanapita na biashara inakwenda. Akikosekana, umati unazidi kuongezeka upande huu, na upande ule soko linakauka. Nyuma ya tumbo tuna kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa insulini. Insulini ndiyo yenye kazi ya kuinua kizuizi ili sukari ipite, itoke kwenye damu iingie katika misuli na viungo. Mwenye kisukari anaweza kuwa na sukari tele katika damu yake, na bado mwili wake unakufa njaa.

Kuna aina kadhaa, na ni vizuri kuzitofautisha. Katika aina ya kwanza, kongosho huacha kabisa au karibu kabisa kutoa insulini. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, na huanza kwa kasi, ndani ya wiki chache. Mgonjwa wa aina hii hawezi kuishi bila sindano ya insulini. Katika aina ya pili, insulini ipo, lakini mwili hauitikii vizuri, na taratibu kongosho nalo linachoka. Hii ndiyo ya watu wengi zaidi, hasa watu wazima, na wengi wao wanaanza kwa vidonge kama metfomini, pamoja na kubadili chakula na kutembea. Iko pia ile inayotokea wakati wa ujauzito. Mama akijifungua mara nyingi hupotea, lakini humwachia hatari ya kupata aina ya pili baadaye. Mama mjamzito unapokwenda kliniki, usione haya kuuliza: sukari yangu imepimwa?

Sasa tufike pale kwenye kipimo, tukiangalie kwa karibu. Muuguzi atakuambia unawe mikono kwa maji na sabuni. Hilo si la usafi tu: kama umemenya ndizi au nanasi, ule utamu uliobaki kidoleni unaweza kupandisha namba, ukaambiwa una sukari nyingi kumbe ni ya tunda. Mkono ukauke vizuri. Kisha anakuchoma kwa sindano ndogo, na anayejua kazi huchoma pembeni mwa ncha ya kidole, siyo katikati, kwa sababu pembeni pana maumivu kidogo. Tone la damu linagusishwa kwenye kile kijikaratasi ambacho wauguzi wetu wanakiita bandeleti, na baada ya sekunde chache mashine inaonyesha namba. Kwisha. Muda wake ni mfupi kuliko wa kununua kadi ya simu.

Namba hiyo inasema nini? Hapa Goma mashine nyingi husoma kwa miligramu. Mtu mzima ambaye hajala kitu tangu usiku, na hana ugonjwa huu, huwa kati ya 70 na 100 hivi. Akifika 126 au zaidi kabla ya kula, na kipimo kikirudiwa siku nyingine kikatoa jibu lile lile, huo ni ugonjwa wa sukari. Kati ya 100 na 126 ni eneo la onyo: mwili unakuambia ubadilike kabla mambo hayajaharibika. Na mtu mwenye dalili, akipimwa saa yoyote, hata kama amekula, akakutwa na 200 au zaidi, asirudi nyumbani kusubiri. Kipo pia kipimo cha maabara kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Kikifika asilimia 6.5 au zaidi, ni dalili ya ugonjwa. Kipimo cha kidole kinafungua mlango, na maabara inathibitisha.

Jambo jingine kwa ndugu zetu wanaokwenda kutibiwa Uganda au Kenya. Huko mashine nyingi hutumia kipimo kingine, kiitwacho milimoli. Utaandikiwa 7, urudi nyumbani ukifurahi kwamba sukari imeshuka sana. Haijashuka. Zidisha hiyo 7 mara 18, utapata 126, ile ile namba ya ugonjwa. Kabla hujafurahi wala hujaogopa, uliza ni kipimo gani.

Na ukitaka kununua mashine ya nyumbani, uliza kwanza kama bandeleti zake zinapatikana hapa mjini. Kila mashine ina bandeleti zake, haziazimani. Mashine inayoletwa kama zawadi na ndugu wa Ulaya haina faida siku bandeleti zikiisha na duka zima la dawa halina za aina hiyo.

Wasikilizaji wapendwa, nimesikia mara nyingi watu wakisema huu ni ugonjwa wa matajiri, wa watu wenye tumbo na gari. Ni kweli kwamba unene, hasa wa tumboni, na kukaa bila mwili kufanya kazi huongeza hatari ya aina ya pili. Ni kweli pia kwamba ugonjwa umeongezeka katika eneo letu. Kule Tanzania, Profesa Donald McLarty na wenzake walipima watu wa vijijini katika miaka ya 1980, wakakuta wenye kisukari ni kama mtu mmoja tu katika kila mia. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu wazima tisa katika mia. Namna za kupima zilitofautiana, lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa.

Hata hivyo, wembamba si kinga. Mwezi Aprili 2025, katika mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya tano, inayowapata vijana wembamba ambao mwili wao ulidumaa kwa kukosa chakula cha kutosha. Wataalamu walikuwa wameanza kuandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo huko Jamaika tangu 1955, halafu wakabishana kwa miaka mingi. Na utafiti uliochapishwa mwaka huo huo wa 2025, uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya vijana waliodhaniwa wana aina ya kwanza ya kawaida hawakuwa na zile alama za damu zinazoitambulisha. Maana yake, kisukari cha vijana wetu hakifanani moja kwa moja na kile kilichoandikwa katika vitabu vya Ulaya. Mkoa wetu una watoto wengi waliokulia katika kukimbia, wakilala bila kula. Mtu akikuambia kwamba kijana mwembamba wa Rutshuru au Masisi hawezi kuwa na ugonjwa wa sukari, usimsikilize. Mpeleke kijana akapimwe.

Niseme na la karuho, ile sumu ambayo watu husema mtu ametiliwa kwa siri, maana bila kulisema nitakuwa nimewaficha jambo. Mtu anaanza kukonda. Anakula vizuri, tena anakula sana, lakini nguo zinampwaya. Anakunywa maji usiku kucha, anaamka mara nne, mara tano kwenda kukojoa. Nguvu zimemwishia. Na huku kwetu, mtu akikonda hivyo, sauti ya kwanza husema: wamemtilia karuho. Familia inaanza kumtafuta adui: ni yule jirani, ni mke mwenza, ni yule aliyempa kinywaji kwenye matanga. Fedha zinakwenda kwa anayedai kutoa sumu, undugu unavunjika, na siku zinapita.

Zile dalili zina sababu inayoeleweka. Sukari ikipita kiasi cha 180 hivi, figo hazimudu kuizuia, inamwagika kwenye mkojo, na inapotoka inavuta maji. Ndiyo maana mtu anakojoa sana. Na kwa kuwa amepoteza maji, ana kiu kali. Wazee wetu walikuwa wakiona sisimizi wakikusanyika mahali mtu alipokojoa, na walikuwa wanaona jambo la kweli. Na kwa kuwa misuli haipati sukari, mwili unaanza kujila wenyewe, mafuta kwanza, kisha nyama. Ndiko kukonda. Kabla hujamshtaki mtu yeyote kwa karuho, tafuta tone moja la damu. Jirani yako ana haki ya kipimo hicho, na mgonjwa wako zaidi.

Kwa watoto jambo hili ni la dharura. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, anakunywa maji kupita kawaida, anakonda, analegea, halafu anaanza kutapika, kuumwa tumbo na kuvuta pumzi nzito nzito, tena pumzi ina harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, mtoto huyo yuko katika hatari ya kufa ndani ya siku au hata saa. Hapa kwetu anapokelewa kama mgonjwa wa malaria au wa mapafu, anatundikiwa chupa ya maji yenye sukari, na hali inazidi. Ndugu zangu wauguzi wa vituo vyote vya afya, najua kazi mnayoifanya na ninaiheshimu. Nawaomba jambo moja: mtoto yeyote anayefika amelegea, anayetapika au anayehema kwa shida, kabla ya chupa, apimwe sukari. Na mama, ukiwa na mtoto huyo mkononi, sema mwenyewe: munganga, naomba mpime na sukari yake.

Yafaa tukumbuke kwamba insulini si jambo la jana. Iligunduliwa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, na Frederick Banting na Charles Best pamoja na wenzao. Januari 1922 walimchoma sindano mtoto wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki ngozi na mifupa, na akapata nafuu. Wagunduzi walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki zao kwa dola moja moja tu, ili dawa hiyo iwe ya watu wote. Zaidi ya miaka mia imepita. Mtoto wa Goma kufa kwa kukosa insulini leo, au kwa kukosa mtu wa kumpima, ni aibu ya wakubwa, na siyo mapenzi ya Mungu.

Tuje mezani. Wengi mtaniuliza: basi tuache bugali? Hapana. Kuna uvumi wa zamani kwamba muhogo wenyewe una sumu inayoleta kisukari. Watafiti waliuchunguza uvumi huo Tanzania, wakawalinganisha watu wa vijiji vinavyokula muhogo kwa wingi na wa vijiji visivyoutegemea. Matokeo yao ya mwaka 1992 yalikuwa wazi: wala muhogo hawakuwa na kisukari zaidi ya wenzao. Jambo la kuangalia ni kiasi. Sahani yetu ya kawaida ni mlima wa bugali na kijiko cha mboga pembeni. Igeuzeni. Nusu ya sahani iwe sombe isiyojaa mawese, lengalenga au kabichi. Robo iwe maharagi au sambaza, na sambaza wetu wa Kivu ni chakula bora, tena kwa wengi ni rahisi kukipata kuliko nyama. Robo iliyobaki ndiyo iwe bugali, viazi au mchele. Bonge la ukubwa wa ngumi yako linatosha. Kwa huyu wa sukari msipike chungu chake peke yake. Chakula hicho kinawafaa watu wote wa nyumba, na mgonjwa asiyetengwa mezani hufuata masharti yake vizuri zaidi.

Kinachoharibu haraka ni vinywaji. Chai yenye vijiko vinne vya sukari asubuhi, soda mchana, kasiksi au bia jioni: hiyo ni sukari inayoingia kwenye damu bila kizuizi, na bia juu yake inavuruga dawa. Anzeni kwa kupunguza kijiko kimoja cha chai kila wiki, ulimi unazoea. Na kutembea kwa miguu ni dawa halisi. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo. Anayepanda pikipiki kwa safari ya dakika kumi, na barabara ni salama, atembee.

Sukari kuzidi ni hatari ya polepole kwa watu wazima wengi. Sukari kushuka kupita kiasi ni hatari ya papo hapo. Anayetumia insulini, au vile vidonge vinavyolazimisha kongosho kufanya kazi, akikosa kula, sukari inaweza kushuka chini ya 70. Anatoka jasho la baridi, anatetemeka, moyo unakwenda mbio, anaanza kusema maneno yasiyoeleweka kama mlevi. Msimcheke, msimwache alale. Kama anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya sukari katika maji, asubiri dakika 15, apimwe tena, na akizinduka ale chakula. Kama amezimia, msimwagie kitu kinywani, atapaliwa; mlazeni ubavu, mumpake asali au sukari iliyolowa ndani ya shavu kama ipo, mkimbize hospitali.

Kwa sababu hiyo nawaomba wachungaji, mapadri na mashehe wetu mnisikilize. Muumini anayechoma insulini asilazimishwe kufunga siku tatu kavu bila kwanza kuongea na munganga wake, na Uislamu wenyewe unamruhusu mgonjwa kula mwezi wa Ramadhani. Wengi wanaahidiwa uponyaji, wanaacha sindano ili kuonyesha imani, na wenye aina ya kwanza wakiacha sindano wanaweza kufa ndani ya siku chache. Ombeeni wagonjwa wetu, tunahitaji maombi. Na baada ya amina, mwulizeni kila mmoja kama amechoma sindano ya leo.

Kuna jambo la mji wetu ambalo vitabu vya nje haviliandiki. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika. Sukari iliyozidi kwa miaka huua mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu anakanyaga jiwe, anachanika, asisikie. Kidonda kisichouma hakitazamwi. Kinaoza chini chini, na mwisho wake ni kukatwa mguu. Mwenye kisukari asitembee pekupeku, hata uani, hata kwenda chooni, na kamambili hazimkingi. Avae kiatu kilichofunika vidole, na akikung'ute kabla ya kukivaa. Kila jioni anawe miguu, aikaushe katikati ya vidole, na aitazame chini hadi juu. Asiyeweza kuinama aombe mtoto au mjukuu amtazamie. Kazi hiyo haigharimu hata faranga moja, na inaokoa miguu.

Nimalizie na vita na kukimbia, kwa sababu huko ndiko wagonjwa wetu wengi walikopotelea. Mei 2021, siku chache baada ya mlima kulipuka, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Watu walikwenda Sake, Rutshuru, Gisenyi, na wengi walitoka na godoro kichwani bila dawa. Mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, hospitali zilijaa majeruhi, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwezi uliofuata maelfu waliokuwa katika kambi za Bulengo na Lushagala wakaondoka tena. Hofu yenyewe hupandisha sukari, kwa kuwa mwili ulioshtuka huimwaga sukari yake ya akiba kwenye damu. Chakula hakina saa, dawa zimeachwa nyumbani. Mgonjwa anashambuliwa pande zote.

Kwa hiyo kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari iwe na mfuko mdogo uliokwisha kufungwa, unaokaa karibu na mlango. Ndani yake: dawa za wiki mbili ikiwezekana, sindano, mashine na bandeleti, sukari ya mezani kwenye chupa ndogo, viatu vilivyofunga, na karatasi iliyoandikwa jina la mgonjwa, aina ya ugonjwa, dawa na kiasi chake. Karatasi hiyo iwekwe ndani ya plastiki. Mganga wa Minova au wa Rubavu ambaye hajawahi kukuona ataisoma na kujua la kufanya.

Na mnaohofia insulini kwa kuwa umeme unakatika au hamna friji, tulieni. Chupa ambayo haijafunguliwa inapenda baridi ya friji, lakini isigande, maana ikiganda imekufa. Iliyofunguliwa hukaa kama wiki nne nje ya friji. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37, kama lile la kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba baada ya wiki nne ilikuwa bado na nguvu yake. Sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni baridi kuliko ya Dadaab. Iwekeni insulini kwenye mtungi wa udongo wenye unyevu, kivulini, mbali na mbabula, na mbali na bati linalochemka mchana.

Wapo watakaosema haya hayawezekani katika nchi yenye vita. Yamewezekana. Katika hospitali ya Mweso, kule Masisi, Madaktari Wasio na Mipaka wakishirikiana na Wizara ya Afya waliwatunza wagonjwa wa kisukari katika eneo lililokuwa likitikiswa na mapigano, na habari zao zikachapishwa mwaka 2019 katika jarida la BMJ Open. Kama Mweso iliweza, na Goma inaweza.

Kumbukeni pia mwaka 2019, Ebola ilipofika mjini. Katika kila mlango tuliotaka kuingia palikuwa na ndoo ya maji yenye klorini na mtu mwenye kipima joto. Mwanzoni watu walinung'unika, baadaye tukazoea, na mji ukaokoka. Mji uliokubali kupimwa joto kila mlango hauwezi kushindwa kupimwa sukari mara moja kwa mwaka.

Basi, mwenye miaka 40 na kuendelea, mwenye mzazi au ndugu aliye na kisukari, mwenye shinikizo la damu, mama aliyepata sukari wakati wa ujauzito, na yeyote mwenye kiu isiyoisha au anayekonda bila sababu: wiki hii nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, kabla hujanywa chai ya asubuhi, uombe kupimwa sukari. Andika namba yako na tarehe, uitunze. Na wewe ambaye tayari unajua kwamba unaumwa, usiache dawa kwa sababu umejisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa.